Kujua nani kapita kwenye tovuti yako bila kulipia

Kabla hujalipia chochote, chungulia cPanel, yaani ukurasa wa kusimamia tovuti, ya hapo ulipopangisha tovuti. Mara nyingi mna AWStats, programu ya kuhesabu wageni, inasoma kumbukumbu za seva, hubandiki kitu. Ila usishangilie haraka. Tovuti yangu ya miche ya parachichi, naiendesha toka Tukuyu, ilinionyesha wageni mamia nikaanza kutamba hadi Mwanjelwa. Kumbe wengi ni roboti tu, programu zinazopitapita mtandaoni zenyewe, hata mche mmoja hawanunui.

Nikahamia GoatCounter, nayo ya kuhesabu wageni. Mstari mmoja wa msimbo, unaubandika kwenye faili la ukurasa wako, juu kidogo ya </body>, basi. Haina kuki, vile vifaili vya kumtambua mgeni, na ni nyepesi, hata mwenye bando la kuungaunga haimlii. Unaona ukurasa uliofunguliwa, nchi, na mtu kabofya kiungo cha wapi hadi akafika. Google Analytics nayo ni bure, lakini kwa kurasa nne ni kukodi fuso ubebe debe la viazi.

Kasoro moja: anayebofya kutoka WhatsApp kwa kawaida haonekani katokea wapi. Dawa yake, unapotuma kiungo kwenye magrupu, malizia na ?ref=whatsapp. Kiungo cha kwenye bango la stendi kiishie na ?ref=bango. GoatCounter itawatenganisha yenyewe.

Halafu jisajili Google Search Console, bure pia. Hiyo inakuonyesha maneno watu waliyoandika Google mpaka wakakuona. Mimi nilikuta wanaandika "bei ya miche ya hass", hiyo ni aina ya parachichi, na tovuti nzima sikuwa nimeweka bei hata moja. Nimeiweka jana.