Kugawa wizara katika serikali ya mseto: hesabu ya nusu mkate wa Kenya, 2008

Ukiuliza nusu mkate wa 2008, yaani serikali ya mseto iliyoundwa Kenya baada ya uchaguzi uliozua mzozo, uligawanywaje, jibu la haraka ni nusu kwa nusu: wizara 40, nusu kwa upande wa chama cha PNU wa Rais Mwai Kibaki, nusu kwa upande wa chama cha ODM wa Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu. Jibu ni sahihi, ila halikusaidii. Vinara hao wawili hawakuvutana miaka mitano kwa sababu ya idadi ya viti. Walivutania kalamu: nani anateua, nani anaidhinisha pesa, nani anafuta. Yeyote atakayekaa mezani kugawana serikali, au anayesoma mkataba wa mseto akitaka kujua nani amepata nini, ahesabu kalamu kwanza, viti baadaye.

Anza na orodha ya wabunge

Kabla ya kutaja wizara hata moja, andika kila chama kina wabunge wangapi na kimesimama upande gani. Uchaguzi wa Desemba 27, 2007 uliipa ODM wabunge 99, PNU 43 na ODM-Kenya ya Kalonzo Musyoka 16, katika Bunge lenye viti 210 vya kuchaguliwa. Vyama vingine vilikuwa na viti vichache vichache, lakini hivyo ndivyo vilivyonyanyua mizani ya Kibaki.

Sasa jaribu mbinu ya d'Hondt, ile inayotumika kugawa wizara Ireland Kaskazini. Idadi ya wabunge wa kila chama unaigawa kwa 1, kisha 2, kisha 3 na kuendelea; mwenye namba kubwa zaidi anachagua wizara kwanza, anayefuata anachagua ya pili. ODM inapata 99, 49.5, 33, 24.75, 19.8, 16.5. PNU inapata 43, 21.5, 14.33. ODM-Kenya inapata 16. Kama wizara ni kumi, ODM inachukua sita, PNU tatu, ODM-Kenya moja. Zaidi ya hapo, ODM inachagua ya kwanza na ya pili kabla PNU haijafungua mdomo, maana yake Fedha na Usalama wa Ndani vyote vingeweza kuondoka kwa pigo moja.

Hapo utaona kwa nini hesabu hiyo haingekubalika Harambee House, ofisi ya Rais. Upande wa Kibaki ulijihesabu kama kambi, si chama: PNU pamoja na ODM-Kenya, KANU na wengine. Tena ulikuwa na urais mkononi. Kwa hiyo swali la kwanza la kuandikwa na kutiwa saini ni hili: tunahesabu vyama au kambi? Mkiliacha wazi, litarudi kila mtu anapohama chama.

Kosa la pili hufanyika hata kabla ya mazungumzo kuanza. Januari 8, 2008, damu ya ghasia za baada ya uchaguzi ikiwa bado inamwagika, Kibaki alitangaza mawaziri 17 na kumfanya Kalonzo Makamu wa Rais. Waliobaki walipofika mezani walikuta Fedha, Usalama wa Ndani, Ulinzi, Mambo ya Nje na Sheria zina wenyewe tayari. Mtu aliyekwisha kuapishwa hatoki kwa kuombwa. Kama unaingia kwenye mazungumzo ya aina hii, dai la kwanza liwe kwamba uteuzi wote wa awali unachukuliwa kuwa wa muda, na liandikwe.

Sheria kwanza, majina baadaye

Hapa Kenya ilipatia. Kibaki na Raila walitia saini mkataba Februari 28, 2008, Kofi Annan akiwa msuluhishi, Rais Jakaya Kikwete akiwapo kama mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Bunge likapitisha Sheria ya Mwafaka wa Kitaifa na Maridhiano Machi 18, na katiba ikarekebishwa ili sheria hiyo isielee hewani. Majina yalitangazwa Aprili 13, mawaziri wakaapishwa Aprili 17.

Kati ya sheria na majina zilipita karibu wiki nne, na ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote. Makubaliano ya wizara 40 yalipatikana mwanzoni mwa Aprili, lakini yalikwama mara moja kwenye swali la zipi ni za nani. ODM ilidai, miongoni mwa nyingine, Mambo ya Nje, Nishati, Uchukuzi na Serikali za Mitaa. Mwishowe ilipata Serikali za Mitaa; nyingine tatu zilibaki upande wa pili. Ndiyo maana nashauri idadi isikubaliwe peke yake. Ukisaini "40, nusu kwa nusu" bila orodha, umempa mwenzako haki ya kuchagua nusu yake kwanza.

Sheria yenyewe ilitaja "uwiano wa wizara" pamoja na nguvu za vyama bungeni, lakini haikueleza uwiano huo unapimwaje. Pima mwenyewe.

Kupima uzito wa wizara

Chukua karatasi, andika kila wizara, kisha ipe alama 0 hadi 5 kwa mambo manne: ukubwa wa bajeti, nguvu ya dola (polisi, jeshi, machifu, hati za ardhi), idadi ya mashirika ya umma ambayo waziri anateua bodi zake, na jinsi inavyomfikia mpiga kura kijijini. Jumlisha. Gawaneni jumla ya alama, si idadi ya milango.

Mfano mmoja unatosha. Wizara ya Usalama wa Ndani ya wakati huo ilibeba pia utawala wa mikoa. Kwa hiyo waziri wake, George Saitoti wa PNU, alikuwa na mkono kutoka kwa mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, afisa tarafa, chifu hadi naibu wa chifu anayeitisha baraza chini ya mti. Hakuna wizara nyingine iliyofika kila lokesheni namna hiyo. Ukiilinganisha na wizara mpya yenye ofisi ya kukodi na bajeti ya semina, kila moja imehesabiwa "wizara moja", lakini mizani haiko sawa hata kidogo.

ODM haikutoka mikono mitupu. Ardhi ilikwenda kwa James Orengo, Kilimo kwa William Ruto, Barabara kwa Kipkalya Kones, Maji kwa Charity Ngilu, na Serikali za Mitaa kwa Musalia Mudavadi aliyekuwa pia Naibu Waziri Mkuu. Ukiziangalia kwa alama, ni wizara za kumfikia mpiga kura na za bajeti. Za dola na hazina zilibaki kwa PNU, na Uhuru Kenyatta alianza kama Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Biashara.

Ukiimega wizara, mega na kazi zake

Viti 40 havikuota. Vilipatikana kwa kukata wizara zilizokuwapo. Afya ikawa mbili: Huduma za Matibabu kwa Anyang' Nyong'o wa ODM, na Afya ya Umma na Usafi kwa Beth Mugo wa PNU. Elimu ikatenganishwa na Elimu ya Juu. Ujenzi wa Umma ukawa kando na Barabara. Mifugo mahali pake, Uvuvi mahali pake. Mudavadi akiwa na mabaraza ya miji, Nairobi ikaundiwa wizara yake ya maendeleo ya jiji, chini ya Mutula Kilonzo. Hiyo ni mbinu ya zamani: ukishindwa kumnyima mwenzako wizara, unaimega.

Ugonjwa haumegeki kirahisi. Mama mjamzito anaanzia zahanati, iliyo chini ya wizara moja, na akipata matatizo anapelekwa hospitali, iliyo chini ya nyingine. Gari la kumbeba, dawa za akiba, muuguzi anayehamishwa kutoka huku kwenda kule: kila kimoja kinahitaji saini, na sasa saini ni mbili. Kabla ya kukubali wizara imegwe, dai waraka unaotaja kwa majina: idara zipi zinahama, mashirika yapi, wafanyakazi wangapi, magari na majengo yapi, na fungu gani la bajeti ya mwaka huo linafuata. Kama waraka huo haujaandikwa siku mawaziri wanaapishwa, miezi ya kwanza itaishia kugombania ofisi. Baada ya uchaguzi wa 2013 Afya ilirudi kuwa wizara moja.

Kalamu tatu

Ya kwanza ni ya kuteua. Sheria ya 2008 ilisema mawaziri wa upande usio wa Rais wanapendekezwa na kiongozi wa chama chao bungeni, kisha Rais anawateua baada ya mashauriano. Hili lilifanya kazi vizuri kwa jambo moja: kiti kilikuwa cha upande, si cha mtu. Kones alipokufa katika ajali ya ndege Juni 2008, Barabara baadaye ilikwenda kwa Franklin Bett, ODM vilevile. Amos Kimunya alipojiuzulu Fedha mwaka huohuo, John Michuki aliishikilia, kisha Uhuru akaichukua Januari 2009, haikutoka PNU. Andikeni kanuni hiyo waziwazi, itawaokoa kwenye kila msiba na kila kujiuzulu.

Ya pili ni ya pesa, na hii husahauliwa. Waziri hasaini malipo. Wakati huo aliyejibia pesa za wizara mbele ya Bunge alikuwa katibu wa kudumu, naye aliteuliwa na Rais. Unaweza kupewa wizara nzima, bendera kwenye gari na walinzi, huku kitabu cha hundi kikiwa kwa mtu ambaye hukumchagua na huwezi kumhamisha. Mkataba wa mseto usiotaja makatibu wa kudumu, mabalozi na wakuu wa mashirika umegawa nusu ya serikali tu.

Ya tatu ni ya kufuta, au kama wasemavyo Wakenya, nani anampiga mwenzake kalamu. Mkataba ulitaka vinara wote wawili wakubaliane kwa maandishi kabla waziri hajaondolewa. Ukisoma haraka utaona mlango umefungwa. Lakini Februari 14, 2010, Raila aliwasimamisha kazi Ruto na Sam Ongeri kwa miezi mitatu, kutokana na sakata la mahindi na lile la pesa za elimu ya msingi. Siku hiyohiyo Kibaki akabatilisha, akisema Waziri Mkuu hana mamlaka hayo. ODM ikasusia vikao vya baraza la mawaziri. Mkataba ulitaja kuondoa, kusimamisha haukukutaja. Basi orodhesheni vitenzi vyote: kuteua, kuhamisha, kusimamisha, kukaimisha, kuondoa, na mbele ya kila kimoja muandike saini za nani zinahitajika.

Neno lingine la kuliogopa ni "kushauriana". Januari 2011 Kibaki aliteua Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu na Mkurugenzi wa Mashtaka. Raila akasema hakukubali. Je, kupigiwa simu ni mashauriano? Spika Kenneth Marende alisema uteuzi ulikiuka katiba, Mahakama Kuu nayo ikasema hivyo, na majina yakaondolewa. Andika "kukubaliana kwa maandishi ndani ya siku 7", na useme kinachotokea siku ya 8.

Itifaki na mahali pa kugombana

Wengi hucheka suala la nani anakaa kiti kipi. Wasicheke. Kenya ilizozania kama Makamu wa Rais yuko juu ya Waziri Mkuu au chini yake, na mwaka 2009 Kibaki alimtaja Kalonzo kuwa kiongozi wa shughuli za serikali bungeni huku Raila akijitaja mwenyewe. Spika alipokea barua mbili za serikali moja, akakataa kuchagua, akashika kwa muda uenyekiti wa kamati inayopanga shughuli za Bunge. Zanzibar, baada ya kura ya maoni ya Julai 31, 2010, waliliziba tundu hilo ndani ya katiba: Makamu wa Kwanza anatoka chama cha pili, Makamu wa Pili anatoka chama cha Rais na ndiye kiongozi wa shughuli za serikali katika Baraza la Wawakilishi.

Kamati ya kutatua migogoro nayo ipewe ajenda ya kudumu, katibu asiye wa upande wowote na siku maalumu ya kukutana. Vinara walipokwenda Kilaguni, Tsavo Magharibi, Aprili 2009 ili kusuluhisha, hawakufika hata kwenye migogoro yenyewe. Walivunjikia kwenye ajenda.

Mlango wa kutokea

Weka kikomo cha ukubwa mapema. Katiba ya 2010 ilikwisha kuliona tatizo: mawaziri wasipungue 14 wala wasizidi 22, na wasiwe wabunge.

Kisha andika mseto unakufaje. Sheria ya 2008 ilitoa njia tatu: Bunge kuvunjwa, pande mbili kukubaliana kwa maandishi, au upande mmoja kujitoa. Kilikuwa kifungu kifupi mwishoni mwa hati, hakuna aliyekigombania. Januari 2012 Mahakama Kuu ilipoulizwa tarehe ya uchaguzi mkuu, ilirejea hapohapo: uchaguzi ungefanyika ndani ya siku 60 baada ya muda wa Bunge kwisha Januari 2013, au mapema zaidi iwapo Kibaki na Raila wangeandika pamoja kwamba mseto umevunjika. Hawakuandika. Wakenya walipiga kura Machi 4, 2013.