Fundi wa mashine Kigoma, amua maungio kwanza

Kama unachomelea mashine za kukamulia mawese, kupukuchua mahindi na kukwangua muhogo, usichore kila moja upya. Chora familia: fremu na injini vilevile, kinachobadilika ni kichwa cha kazi, yaani sehemu inayokamua, kupukuchua au kukwangua.

Kazi kubwa ni maungio, yaani pale kichwa kinapofungwa kwenye fremu na injini. Amua umbali wa matundu ya bolti, kimo cha shafti juu ya fremu na kipenyo chake, kisha usiyaguse tena, hata mteja akubembeleze. Chonga kiolezo cha bamba nene la chuma, matundu yote yatobolewe kupitia hapo. Futi ya mkono haiaminiki kwa hili. Shafti ya milimita 25 inakaa kwenye beringi 6205, kwa hiyo stoo unaweka saizi moja, na mteja wa Kasulu akiharibikiwa analeta kichwa tu.

Lakini usilazimishe kila kitu kifanane. Kikamulio kinataka mwendo wa polepole wenye nguvu, kipukuchuzi kinataka kasi. Giaboksi, ile inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu, ikae kwenye kichwa cha kikamulio chenyewe, isiwe kwenye fremu. Na unene wa fremu upange kwa mzigo wa kikamulio, ingawa kipukuchuzi kitabeba chuma cha ziada kisichokihitaji.