SOMO: Kuseti BMC ya seva kwa ipmitool kabla hujapanda meli kurudi Mwanza

Wakuu, hili ni la wenye seva sehemu ambayo kufika ni shughuli. Chukulia seva iko Nansio kule Ukerewe we uko Nyegezi, Mwanza, imeganda usiku, meli hamna, na SSH (kuingia kwenye seva kupitia mtandao) haisaidii maana mfumo wenyewe ndo umeganda. Seva nyingi za kazi zina kikompyuta kidogo ndani kinaitwa BMC (Dell wanakiita iDRAC, HPE wanakiita iLO), kipo macho hata seva ikiwa imezimwa ili mradi waya wa umeme umechomekwa. Hicho ndo tunakiseti, kwa komandi tu za ipmitool (inaongea na BMC kwa lugha yake, IPMI), bila kuristati kuingia BIOS.

Ukiwa root, kwenye Ubuntu au Debian:

apt install ipmitool
modprobe ipmi_devintf
modprobe ipmi_si
ipmitool lan print 1

Ikilalamika haioni /dev/ipmi0, mashine yako pengine haina BMC, desktop za kawaida hazina. Hiyo 1 ni chaneli, kwa HP jaribu 2. Sasa anwani (hizi za mfano, weka za mtandao wako), na static, yaani anwani isiyobadilika, ianze la sivyo hizo zingine zinaweza kukataliwa:

ipmitool lan set 1 ipsrc static
ipmitool lan set 1 ipaddr 192.168.10.50
ipmitool lan set 1 netmask 255.255.255.0
ipmitool lan set 1 defgw ipaddr 192.168.10.1
ipmitool lan set 1 access on

Paswedi:

ipmitool user list 1
ipmitool user set password 2

Hiyo 2 ni namba ya yuza, iangalie kwenye user list, na jina lake ndo utaweka kwenye -U huko chini. Usiiandike paswedi kwenye komandi, iache ikuulize yenyewe, isije ikabaki kwenye history. Mwisho herufi 20.

Haya, hapa ndo penye utamu na wengi wanaparuka:

ipmitool chassis policy always-on

Yaani umeme ukikata ukarudi, seva iwake yenyewe. Ipo pia previous, inarudi ilivyokuwa, watu wanaipenda ila kwa umeme wetu mi siishauri: kama UPS yako inaizima seva kistaarabu betri ikikaribia kuisha, basi hali ya mwisho ni "imezimwa", umeme unarudi na seva imelala tu inasubiri mtu abonyeze batani. Na hata always-on ina kona moja, umeme ukirudi kabla UPS haijakata kabisa, seva haioni kama umeme ulikatika, hapo itabidi uiwashe mwenyewe toka mbali:

ipmitool -I lanplus -H 192.168.10.50 -U root -a chassis power on

Badala ya on unaweka status, soft (inazima kwa adabu) au cycle (inakata na kuwasha, ya pale imeganda kweli). Jaribu status toka laptop nyingine kabla hujatoka hapo, sio ukishafika Kirumba.

MASWALI

— Mwangaluka wakuu, niko Igoma, naweza fungua port kwenye ruta niifikie toka nje?

Hapana kaka, usithubutu. IPMI inatumia UDP 623, na toleo 2.0 lina udhaifu wa kimaumbile, anayejua jina la yuza anapewa hashi ya paswedi (paswedi iliyofichwa kwa hesabu) kabla hata hajaingia, anaenda kuivunja kwake taratibu. Weka WireGuard (VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wako toka nje), na uiweke kwenye ruta, ukiiweka kwenye seva hiyohiyo ikiganda na VPN nayo imeenda.

— Mkuu lan print iko poa ila nikiiping BMC toka kwenye seva yenyewe kimya

Kama BMC inachangia port moja na seva, hiyo kawaida, iping toka mashine nyingine. Bado kimya? ipmitool mc reset cold, inaristati BMC tu, seva inaendelea na kazi zake, ipe dakika chache.

— Mi inaping ila lanplus inagoma "Unable to establish IPMI v2", Dell hii

Iwashe IPMI over LAN, iyo access on ya juu, alafu mpe yuza ruhusa:

ipmitool channel setaccess 1 2 link=on ipmi=on callin=on privilege=4

Ikigoma tena tupia hapa majibu ya user list, ila fichaficha anwani zako.