Umealikwa harusi ya Wamennonite Mara? Soma hii kabla hujaanza kuserebuka

Wakwe zangu ni Wamennonite wa Mara, dhehebu la Kikristo, mimi nimekulia Dar kwenye harusi za MC mwenye makelele na kaunta ya bia pembeni, kwa hiyo safari ya kwanza nilichemka vibaya sana. DJ kaweka gospo tu, mimi nishaingia kati nakata kiuno, nakuja kugeuka niko peke yangu na wazee wananiangalia kama wanaangalia ajali ya basi. Ndo maana naandika, we usije ukapata hiyo aibu.

Kwanza jua unaenda kwa nani. Jina linatokana na Menno Simons, padri wa Uholanzi alieacha upadri mwaka 1536, ila mambo yenyewe yalianzia Zürich, Uswisi, 1525, watu wakabatizana ukubwani na serikali ikawawinda kwa hilo. Huku kwetu wamisionari walitokea Lancaster, Pennsylvania, Marekani, Elam Stauffer akiwa mmojawapo, wakaanzia Shirati, hukohuko Mara, 1934, na askofu wa kwanza Mtanzania, Zedekia Kisare, akaja kupatikana miaka ya 60. Sasa hao Walancaster wa enzi hizo walikuwa watu wa nguo zisizo na madoido, wanaimba sauti nne bila kinanda, na dansi kwao ni mambo ya dunia moja kwa moja. Mtu kama huyo aje akute ritungu, ala ya nyuzi ya huko, limekolea, watu wanaruka, na chungu cha pombe kiko katikati na mirija yake... unadhani atasemaje? Ngoma ikawekwa fungu moja na pombe na matambiko. Halafu 1942 ukaja uamsho, watu wanalia na kutubu hadharani, kila mtu anataja alichoacha. Kwa hiyo ukimwona bibi wa huko anakunja uso akisikia neno ngoma, sio kwamba hapendi mziki, ngoja uone anavyoimba! Ni maisha yote aliyoyaacha ndo anayakumbuka.

Haya sasa, ukumbini. Utaona kwaya inasogea kushoto, inasogea kulia, mikono juu, wanainama wote pamoja, we unasema si wanacheza hawa? Usiseme hivyo kwa sauti. Hiyo ni kusifu. Kesi iko kwenye kiuno, na kwenye mwanaume na mwanamke kushikana wakazunguka. Muda wa zawadi ndo wengi wanaharibu maana foleni inaenda mbele na mziki, so fanya hivi: kaa nyuma ya mama mkwe au shangazi yeyote mtu mzima, angalia miguu yake, fanya anachofanya yeye, usiongeze chochote. Vijana watakuja kuchangamka baadae wazee wakishaondoka, na familia hazifanani kabisa, zipo ambazo sasa hivi wanaserebuka mpaka mchungaji anacheka, ila hilo muulize shemeji yako, sio ujaribu mwenyewe uone. Na bongofleva usiombe.

Bia hakuna, ni soda na maji. Usijifanye unaenda kuchukua kitu kwenye gari kila nusu saa, wanajua.

Kingine ambacho hakuna atakaekuambia ni ulimi. Sisi wa mjini kila sentensi ni "haki ya Mungu", "naapa", "Mungu mmoja tena". Wamennonite tangu zamani hawaapi, hata mahakamani wa kwao anaomba athibitishe tu badala ya kuapa, wanashika ule mstari wa Mathayo 5, maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo. Nilimuapia baba mkwe kwamba nitamrudisha binti yake Krismasi, mzee akaniuliza taratibu tu, kwani usipoapa huwa unadanganya? Sikuwa na jibu mpaka leo.

Kama safari yako ni Lancaster kwenyewe, usitegemee wote wanatembelea vigari vya kukokotwa na farasi. Wengi wana gari na jinzi kama watu wengine tu. Wale wa farasi wapo, kigari chao ni cheusi, cha Waamish wa hapohapo, kundi jingine la shina moja nao, ni cha kijivu, na mwanaume wa Kimennonite wa farasi kwa kawaida ananyoa ndevu wakati Mwamish akioa anafuga. Ukiwachanganya hawakasiriki ila watakurekebisha.

Na ukibaki mpaka Jumapili ikakutana na Meza ya Bwana, kuna kuoshana miguu, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, unapiga magoti unamwosha jirani yako kwenye beseni na yeye anakuosha, mnapeana mkono au mnakumbatiana. Mgeni unaweza kukaa tu hakuna atakaekulazimisha. Ila mimi niliamua kuingia, nikavua kiatu mbele ya mjomba wa mke wangu, soksi ina tundu la kidole gumba. Vaa soksi nzima.