Kabla Hujahamisha Kundi la Usenet Kwenda Jukwaa la Wavuti

Usenet ni mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano, ambamo ujumbe husambazwa kati ya seva nyingi. Wazo la kuhama likitajwa tu, watu hukimbilia kubishana kuhusu programu ya kuendeshea jukwaa: phpBB au Discourse? Hilo linaweza kusubiri hadi wiki ya mwisho. Chukua daftari kwanza. Pitia ujumbe wa miezi sita iliyopita na uandike majina ya waliojibu maswali, siyo waliouliza. Kundi linaweza kuwa na mamia ya wasomaji huku likibebwa na watu kumi au kumi na wawili. Hao wasipohama, hakuna kilichohama.

Ukishawajua, waandikie mmoja mmoja kwa baruapepe kabla ya kutangaza chochote, uwaulize watakosa nini. Wengi watakutajia programu yao ya kusomea, na usiwacheke. Tangu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walipobuni Usenet mwaka 1979, mtumiaji wake amezoea ujumbe umfuate alipo. Programu inavuta kila kitu kutoka kwenye seva, yeye anasoma hata mtandao ukiwa umekatika, anaruka kutoka ujumbe hadi ujumbe kwa kitufe kimoja, na mchokozi anamfungia asimwone tena. Mzee aliyekuwa akimaliza ujumbe mia kabla chai haijapoa, leo unamwambia aingize nywila, asubiri ukurasa ufunguke, abonyeze, asubiri tena. Akinuna ana haki.

Kama jibu la wengi ni hilo, fikiria daraja badala ya kuhama moja kwa moja. Watengenezaji wa lugha ya programu iitwayo D wamefanya hivyo: forum.dlang.org inaonekana kama jukwaa la kawaida, lakini chini yake kuna makundi yaleyale ya NNTP, njia ya kusafirishia ujumbe inayotumiwa na Usenet, na anayetaka kutumia programu yake ya zamani anaendelea nayo. Microsoft nayo, ilipotangaza Mei 2010 kwamba inafunga makundi yake na kuwapeleka watu kwenye majukwaa yake ya wavuti, ilitoa programu ya kuunganisha pande mbili. Daraja lina kazi yake ya matengenezo, sikatai, ila linakununulia muda.

Sasa kumbukumbu. Usidhani zipo mahali fulani zinakusubiri. Seva nyingi za Usenet hufuta ujumbe wa zamani ili kupata nafasi. Hazina kubwa ya umma ilianzishwa na Deja News mwaka 1995, Google wakainunua mwaka 2001, na tarehe 22 Februari 2024 Google Groups ikaacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet. Waliokuwa Yahoo Groups, makundi ya majadiliano ya kampuni ya Yahoo, walijua hayo mapema zaidi: taarifa ya kufuta kumbukumbu zao ilitoka Oktoba 2019, ufutaji ukapangwa Desemba hiyohiyo, na baada ya kelele ukasogezwa hadi 31 Januari 2020. Kwa hiyo pakua nakala nzima, ifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe inasomeka, ndipo utangaze.

Halafu jaribu kuhamisha uzi mmoja wa mazungumzo, ule mrefu na wenye ubishi kuliko zote, uusome kwa macho yako. Kila ujumbe wa Usenet una utambulisho wake kwenye mstari wa Message-ID, na kila jibu lina mstari wa References unaoonyesha linamjibu nani. Mazungumzo yanakuwa mti wenye matawi. Majukwaa mengi ya wavuti yanapanga kwa saa tu, mmoja chini ya mwingine. Chukua mfano wa mtu anayeuliza namna ya kuunga waya wa redio. Wa kwanza anampa ushauri mbaya, wa pili anampa mzuri, wa tatu anaandika: "Hapana, hiyo itaunguza transfoma." Alikuwa anamjibu wa kwanza. Ukipanga kwa saa, onyo lake linaangukia chini ya ushauri mzuri. Miaka kumi baadaye kijana anaufikia uzi huo kupitia Google, anafuata ule mbaya, na moshi unatoka. Programu ya kuhamishia ikishindwa kusoma References, afadhali uweke kumbukumbu za zamani kama maktaba ya kusoma tu, katika umbo lake la mti, na mazungumzo mapya yaanze upya.

Humohumo utakutana na anwani za baruapepe zilizoachwa wazi tangu enzi watu walipoaminiana. Zifiche. Ujumbe wenye mstari wa X-No-Archive uuache ulipo. Mwenyewe alishasema hataki uhifadhiwe.

Lingine ni umiliki, na hapa wengi hawajajiandaa. Usenet haina mwenyewe, jukwaa la wavuti linaye: analipa seva, domeni, yaani anwani ya tovuti, ina jina lake, na barua ya serikali inamfikia yeye. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai leseni, na JamiiForums, iliyokuwa hewani tangu 2006, ilisimama kwa muda Juni mwaka huo. Ukiwa na wanachama Kenya, ipo sheria ya kulinda data ya mwaka 2019. Tanzania ipo ya 2022. Soma inayokuhusu kabla hujaanza kusajili watu. Na funguo zisiwe mkononi mwa mtu mmoja. Jukwaa letu moja lilizimika siku tisa kwa sababu domeni ilisajiliwa kwa baruapepe ya kazini ya mwenzetu aliyekwisha acha kazi. Vikumbusho vya malipo vilikuwa vinaingia kwenye sanduku lisilo na msomaji.

Wasimamizi watafute mapema, wawe na saa tofauti za kulala.

Mwisho, jua kwamba nyumba ya zamani haifungiki. Hata ukituma amri ya kufuta kundi, seva nyingi zitaipuuza, na barua taka zitaendelea kumwagika huko. Andaa tangazo fupi lenye anwani mpya, ulipange lijitume lenyewe kundini kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mzima. Yupo atakayerudi baada ya miezi minane, ameuguza au amebadilisha kazi, na atatafuta wenzake palepale alipowaacha.