Somo: Kujipanga kwa gharama za dharura ya mbwa au paka

Dharura hupenda usiku na sikukuu, wakati kliniki nyingi zimefungwa na iliyo wazi hutoza zaidi. Kwa hiyo mengi ya kuamua tuyaamue sasa, mnyama akiwa mzima.

Hatua ya 1: Jua kinachoweza kumpata wa kwako. Paka dume ana mrija mwembamba wa mkojo, nao huziba. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara na hatoi kitu, usingoje kupambazuke. Anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu tumbo lake huweza kujaa gesi na kujipinda. Huyo ana saa chache, na tiba yake ni upasuaji. Jike asiyefungwa kizazi huweza kujaa usaha kwenye mji wa mimba, hasa wiki chache baada ya joto, yaani kipindi chake cha kutaka dume. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa huweza kupata parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, akalazwa siku kadhaa kwenye dripu. Hawa wawili wa mwisho wanakingika, ndiyo maana mimi chanjo na kufunga kizazi naviweka kwenye bajeti hii hii ya dharura.

Hatua ya 2: Piga simu kliniki mbili, mojawapo iwe ya usiku. Uliza bei ya kumwona daktari, kulaza kwa siku, eksirei na upasuaji wa tumbo. Uliza pia malipo ya awali ni kiasi gani na kama wanakubali awamu. Jumlisha upasuaji mmoja na siku tatu za kulazwa: hilo ndilo lengo la akiba yako.

Hatua ya 3: Akiba ikae mbali na pesa za matumizi, lakini itoke hata usiku wa manane. Akaunti ya muda maalumu, inayofunga pesa hadi tarehe fulani, haifai.

Hatua ya 4: Ukitaka bima, kata mapema. Kwa kawaida ugonjwa uliokwisha kuonekana haulipiwi, kuna kipindi cha kungoja, na mara nyingi unalipa mwenyewe kwanza ndipo urudishiwe.

Hatua ya 5: Kubalianeni nyumbani kikomo cha matumizi ni kiasi gani, na nani aamue ukiwa safarini. Yaandikeni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kipato changu ni kidogo. Nianzie wapi?
Chanjo kwanza, kisha malipo ya awali ya kliniki. Lengo zima litafuata polepole.

Nikimpa paka parasetamoli ya nyumbani nisubiri asubuhi?
Hapana kabisa, ndugu yangu. Kidonge kimoja kinaweza kumuua, na bili itakuwa ya sumu juu ya ugonjwa.

Makadirio yakizidi uwezo wangu, naona aibu kusema.
Sema mapema, kabla vipimo havijaanza. Muulize daktari: “Kipi ni cha lazima usiku huu, na kipi kinaweza kungoja?” Mwombe makadirio ya chini na ya juu kwa maandishi. Kama tumaini la kupona ni dogo mno, muulize pia kuhusu sindano ya kumpumzisha, yaani afe bila maumivu. Daktari mzuri hatakuhukumu.