Kufanya Kazi na Kumtegemea Mungu: Namna ya Kuweka Mpaka kwa Mafundisho ya Kiyahudi

Jitihada haiondoi kudura, husema Waswahili, na mara nyingi methali hiyo hutumika kumliwaza aliyekwisha kushindwa. Marabi wa Kiyahudi walilichukua jambo hilo hilo kwa upande wa mtu ambaye bado hajaanza, anayejiuliza ahangaike kiasi gani na aachie wapi. Jitihada ya mwanadamu wanaiita hishtadlut, na tegemeo la moyo kwa Mungu wanaliita bitachon. Anayetaka kuishi na yote mawili kwa njia yao hana budi kwanza kuacha kuyagawa nusu kwa nusu, kana kwamba Mungu humalizia pale nguvu za mtu zinapokoma. Katika mafundisho haya jitihada ni wajibu wote wa mtu, na matokeo yote ni ya Mungu.

Anza na njia ya kawaida. Talmudi, yaani mkusanyiko wa mafundisho na mijadala ya marabi wa kale, katika kitabu cha Berakhot, inasimulia mabishano ya wakuu wawili. Rabi Shimon bar Yochai aliuliza: mtu akilima wakati wa kulima, akapanda wakati wa kupanda, akavuna, akapura na kupepeta upepo unapovuma, Torati ataisoma lini? Rabi Yishmael alishikilia kwamba maneno ya Kumbukumbu la Torati, yanayomwahidi mtu kuvuna nafaka yake, yana maana iliyo wazi, yaani avune. Abaye, rabi wa kizazi cha baadaye, akaamua kwa kutazama maisha ya watu: wengi walifuata njia ya Rabi Yishmael wakafanikiwa, na wengi walifuata ya Rabi Shimon wasifanikiwe. Naye Rava, rabi wa wakati wake, aliwasihi wanafunzi wake wasionekane mbele yake katika miezi ya Nisani na Tishri, yaani wakati wa mavuno ya nafaka na wa kukamua zabibu na zeituni, ili wasisumbukie chakula mwaka mzima. Mimi naliona agizo la Rava kuwa kielelezo bora kuliko vyote, kwa sababu linatoka kwa mwalimu aliyeipenda elimu, na bado aliwafungia wanafunzi mlango wa darasa ili waende shambani.

Katika kuchagua kazi, msikilize Bahya ibn Paquda, aliyeandika kwa Kiarabu huko Hispania katika karne ya 11. Anafundisha kwamba kila kiumbe kimeumbiwa riziki yake na maumbile yanayokifaa, kama paka alivyoumbiwa kuwinda panya, na kwa hiyo mtu ashike kazi ambayo moyo wake unaielekea na mwili wake unaiweza, akiifanya kwa nia ya kutii amri ya Mungu. Ajue pia kwamba kazi hiyo ni mlango mmoja tu, na Mungu aweza kumfungulia mwingine. Bahya huyo huyo anamlaumu anayejitia hatarini kwa makusudi kwa madai kwamba anamtegemea Mungu. Ndiyo sababu mgonjwa hana ruhusa ya kukaa nyumbani akingoja muujiza: Talmudi ilichukua amri ya Kutoka sura ya 21, inayomtaka aliyemjeruhi mwenzake amgharimie matibabu, ikafundisha kutokana nayo kwamba tabibu amepewa idhini ya kutibu.

Sali kabla ya kuanza, wala usingoje mambo yaharibike. Watu wa Aleksandria walimwuliza Rabi Yehoshua ben Hananiah mtu afanye nini ili atajirike, naye akawajibu kwamba afanye biashara kwa wingi na kwa uaminifu. Wakamwambia kwamba wengi wamefanya hivyo bila kufanikiwa. Akasema, basi na aombe rehema kwake Yeye mwenye mali. Talmudi ikauliza, kama ni hivyo biashara ilitajwa ya nini? Jibu lake ni kwamba moja bila jingine halitoshi. Yakobo naye, alipokuwa akienda kukutana na Esau, kwa maelezo ya Rashi, mfafanuzi mashuhuri wa Maandiko, alijiandaa kwa mambo matatu, zawadi, sala na vita, na hakuona kwamba moja linaliondoa jingine. Lakini sala nayo ina mpaka. Mishna, mkusanyiko wa sheria ulio msingi wa Talmudi, inamtaja mtu anayerudi kutoka safari, akasikia kilio mjini, akaomba isiwe ni nyumbani kwake: hiyo ni sala ya bure, kwa kuwa lililotokea limekwisha kutokea.

Sehemu iliyo ngumu zaidi ni kujua pa kusimama. Moshe Chaim Luzzatto, mwalimu wa maadili, katika kitabu alichokichapisha Amsterdam mwaka 1740, anaifananisha jitihada na kodi waliyotozwa wanadamu wote tangu Adamu alipoambiwa kwamba atakula chakula kwa jasho la uso wake. Aliyekwisha kulipa amelipa, na kuongeza juu yake hakumpatii kitu. Kwa hiyo jiulize swali moja kuhusu kila hatua unayotaka kuongeza: je, kwa desturi ya dunia hatua hii husaidia, au naichukua kwa sababu tu siwezi kutulia? Yusufu alipokuwa gerezani alimwomba mnyweshaji wa Farao amkumbuke, kisha akakaa miaka miwili zaidi, nayo marabi wakaiona kuwa adhabu ya ombi hilo. Wengi wamejiuliza alikosa nini, ilhali kuomba msaada ni njia ya kawaida. Rabi Avraham Yeshaya Karelitz, maarufu kwa jina la Chazon Ish, aliyefariki mwaka 1953, alijibu kwamba mtu wa aina ya mnyweshaji yule hana tabia ya kukumbuka fadhila, na kwa hiyo ombi lile lilitoka katika kukata tamaa.

Kwa asiyeweza kujipimia, sheria imekwisha kumpimia. Ijumaa jua linapokaribia kuzama, mwenye duka hufunga hata kama mteja yuko mlangoni na pesa mkononi, na taa za Sabato huwashwa, kwa desturi ya wengi, dakika 18 kabla ya machweo. Mana jangwani ilifuata mpango huo huo: siku ya sita iliokotwa maradufu, na aliyetoka siku ya saba hakukuta kitu.

Yote hayo yakifanyika, riziki huenda ikaja na huenda isije. Ikija, Kumbukumbu la Torati sura ya 8 inamkataza mtu kusema moyoni, "Nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu," na katika sura hiyo hiyo imo amri ya kumshukuru Mungu baada ya kula na kushiba. Isipokuja, Chazon Ish anaonya kwamba bitachon haikuwa kamwe ahadi kwamba mambo yatakwenda kama mtu apendavyo. Mwenye tegemeo anaamini kwamba hakuna linalotokea kwa bahati tu, na kwa hiyo anaweza kuhuzunika, akarudi kazini kesho yake, bila kudhani kwamba imani yake imeonekana kuwa ya uongo.